Mkono Mmoja wa Pacheni

Namhimidi Mola aliyempa mja mikono miwili na moyo mmoja, na namwombea rehema Mtume wake mwaminifu, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo: mimi ni mtu mzima niliyechoka, na safari hii sikuitaka. Nilitumwa na watu wa mtaa wangu kwenda kutazama namna watu wa Pacheni walivyopatana juu ya maji, kwa kuwa nasi kwetu tulikuwa tunagombania kisima, na sifa ya amani yao ilikuwa imetufikia. Njia niliyopita haimfai msomaji kwa lolote. Nilifika, nikapewa maji ya kunawa, kisha nikapelekwa kuonyeshwa amani yenyewe.

Amani hiyo huwekwa ndani ya ukumbi mrefu, juu ya meza mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Pacheni ni mabonde mawili yanayonyweshwa na bwawa moja. Bonde la Juu lina kompyuta yake, nyeusi. Bonde la Chini lina kompyuta yake, nyeupe. Kila moja hufungua na kufunga malango ya chuma ya mashamba ya kwao, wala haina amri juu ya lango lolote la upande wa pili. Zilitoka kwa watengenezaji wawili wasiopendana, kwa hiyo hata zikikaa pamoja hazisemezani. Ajabu ni kwamba mbele ya kompyuta hizo mbili pana kiti kimoja tu, kibodi moja ya kuandikia, na kipanya kimoja cha kuongozea kile kishale kinachotembea kiooni. Kishale kikifika ukingoni mwa kioo cha kwanza, huruka kikatokea katika kioo cha pili. Hapo kompyuta moja hupata mtu wa kuitumikia, na ya pili hubaki inang'aa bure, kama mgonjwa aliyeamka akakuta nyumba haina mtu.

"Kwa nini kiti kimoja?" nilimwuliza Bwana Shekuwe, ambaye cheo chake ni Liwali wa Ukingo, yaani mlinzi wa ule mpaka baina ya vioo viwili. Alikuwa mtu mpole, kofia yake imetiwa wanga ikasimama kama kikombe.

"Maalim, zamani tulikuwa na viti viwili," alisema. "Wa Juu akifungua, wa Chini anafunga. Wa Chini akifunga, wa Juu anatuma watu wenye marungu. Tulizika vijana. Wazee wakakaa, wakasema: kila bonde na liwe na kompyuta yake, maana hilo haliwezi kuzuilika, lakini mkono uwe mmoja. Asifanye mmoja jambo ambalo mwenzake halioni."

Nilikiri moyoni kwamba maneno hayo yalikuwa na busara, na hadi leo sijui ni mahali gani hasa yalipoanza kuharibika.

Mtu anayekalia kiti hicho huitwa Mkono. Jina lake la kuzaliwa huachwa mlangoni pamoja na viatu. Mkono wa wakati wangu alikuwa Faki, mtu mwembamba wa makamo, mwenye macho mekundu na subira ya punda wa kisimani. Nyuma yake husimama mawakili wawili: Mwinyi Hatibu kwa ajili ya Juu, na Bwana Chande kwa ajili ya Chini. Kila kishale kinapovuka, Liwali huuliza kwa sauti, "Mkono uko wapi?" na wakili wa upande unaohusika hujibu, "Uko kwetu, kwa haki." Wakili wa pili husema, "Tumeona." Asipokubali kusema "Tumeona", kishale hurudishwa kilikotoka na mjadala ukaanza upya.

Nilishangaa kuona kwamba Faki, alipotaka kwenda kwenye kompyuta iliyo kulia, alikisukuma kipanya kushoto. Kishale kikazama upande wa kushoto kabisa, kisha kikaibukia kulia. Bwana Shekuwe alinieleza sababu bila ya kuona haya. Wazee wa Chini walilalamika miaka ya nyuma kwamba kompyuta yao imewekwa kushoto, na kushoto ni mahali pa dharau. Basi meza zikabadilishwa kwa dua na halua. Lakini mpango ulioandikwa ndani ya kompyuta, unaosema ipi iko upande gani, haukuguswa. Sababu ni kwamba mkataba ulioandikwa na wazee unataka mabadiliko yale yakubaliwe na kompyuta zote mbili kwa pumzi moja, na Mkono hauwezi kuwa mahali pawili kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo mmeuacha?"

"Tumeuzoea, Maalim."

Na kweli walikuwa wameuzoea, hata nje ya ukumbi. Nilimwuliza mama mmoja njia ya kwenda msikitini. Akanyoosha mkono kuelekea kulia, nami nikafuata hadi nikajikuta kwa wachuna ngozi. Huko wakanicheka wakanambia, "Shehe, ukionyeshwa kulia si unakwenda kushoto?" Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba msikitini hawakuyaingiza mambo haya. Ndani ya sala walijua kulia na kushoto kwao kama watu wengine. Ni pale walipotoka na kuvaa viatu ndipo walipopotea tena.

Jambo jingine lilinihuzunisha zaidi. Mkono ukiwa Juu, watu wa Chini hukunja mikono yao vifuani. Na ukiwa Chini, watu wa Juu hufanya vivyo hivyo. Mkataba hauwalazimishi hivyo; mkataba unazungumzia malango ya maji tu. Lakini watu wamezidisha, kama wafanyavyo watu katika kila jambo jema, mpaka ikawa ni utovu wa adabu kufanya kazi yoyote wakati Mkono uko ng'ambo. Nilimkuta seremala wa Chini amekaa karibu na ubao wenye msumeno umekwama katikati.

"Mbona hukati?" nilimwuliza.

"Mkono uko kwao. Ukirudi nitamalizia."

"Lakini msumeno si kompyuta, ndugu yangu."

"Maalim," alisema akitazama huku na huku, "wewe ni mgeni na ni mtu wa dini. Usinitie katika fitina."

Nilipewa malazi nyumbani kwa Faki mwenyewe, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa haina upande. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hilo halikuwa kweli. Mkewe, Mwatime, alikuwa mtu wa Chini, na shamba lake la mpunga ndilo la kwanza unapoingia bonde lile. Faki alipochaguliwa kuwa Mkono alikuwa hajaoa. Na alipooa, hakuna aliyefikiri kuuliza ardhi ya bibi harusi iko wapi. Walipokuja kufikiri, shaka ikaingia, nayo haikutoka tena.

Mwatime alituandalia wali wa nazi na mchicha. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na maneno makali.

"Karibu, Maalim. Kula kabla halijaitishwa baraza la kuamua kama sahani hiyo ni ya Juu au ya Chini."

"Mwatime," Faki alisema taratibu.

"Nini? Nimekosea? Maalim, mimi nina mume mwenye mikono miwili, na yote miwili ni ya watu. Jana nimemwomba anishikie kamba ya mbuzi, akauliza Mkono uko wapi."

"Nilikuwa nafanya mzaha."

"Mbuzi hakuelewa mzaha. Alikwenda."

Tulicheka wote watatu, lakini Faki hakucheka kwa muda mrefu. Baada ya chakula mkewe alinichukua nje nikaone kitalu chake cha miche. Mpunga ulikuwa umesimama msongamano, umefikia kimo cha kuhamishwa, na ncha za majani zilikuwa zimeanza kujikunja na kugeuka rangi ya chai. Shamba la kuhamishia lilikuwa pembeni, limepasuka kama kisigino. Na baina ya hayo mawili, mfereji ulikuwa unapita umejaa maji, unakwenda kwa majirani walio mbele, unalibusu lango la chuma la Mwatime na kuendelea na safari yake. Lango lilikuwa limefungwa. Halikuwa na mpini wala kitasa. Hufunguliwa kutoka ukumbini tu.

"Miche hii ikifika Ijumaa bila kuhamishwa, nitaikata nimpe yule mbuzi," alisema Mwatime. "Mbegu nyingine sina. Mwaka mzima tutakula kwa mama yangu, naye anakula kwangu."

"Mumeo hawezi kufungua?"

"Akinyoosha kidole tu kuelekea lango langu, Mwinyi Hatibu anakohoa. Mwaka jana walimpa kila mtu wa Chini maji, mimi wakaniweka wa mwisho, kusudi ionekane hapendelei. Mwaka huu wameniondoa kwenye zamu kabisa mpaka baraza litakapokaa. Kila mwenye shamba hapa ana adui mmoja kule Juu. Mimi adui yangu analala ubavuni mwangu, na hata yeye hataki."

Nilirudi chumbani nikasali, nikaomba dua kwa ajili ya miche. Sikumbuki kuwa nimepata kuomba dua kwa ajili ya miche na kuona aibu hivyo, maana maji yalikuwa yakisikika hapo hapo dirishani.

Baraza lilikaa siku iliyofuata. Kwa heshima ya ugeni wangu, Liwali alinitaka nifungue kikao kwa beti za salamu. Nikasimama, nikaanza:

Salamu zangu natoa, kwa wenyeji wa mabonde,
Mola njaa kuondoa, kila mja asikonde,

Sikuendelea zaidi ya hapo. Mwinyi Hatibu, ambaye alikuwa mtu mnene mwenye fimbo yenye kichwa cha fedha, aliinua kidole.

"Samahani, Maalim. Kila mstari una vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha bonde gani?"

"Si cha bonde lolote, Mwinyi. Ni ubeti."

"Kipande cha kwanza hutangulia," alisema Bwana Chande, mrefu na mkavu, "na kinachotangulia ni bora. Iwapo ni cha Juu, sisi tunapinga."

"Na kikiwa cha Chini," alisema Mwinyi Hatibu, "mshairi amekwisha kupendelea."

Walijadili jambo hilo mpaka jua likapanda. Mwishowe ikaamuliwa kwamba ubeti wangu uhesabiwe haukusomwa. Nikakaa. Katika maisha yangu nimesahihishwa vina na mizani na watu waliojua zaidi yangu, lakini hiyo ndiyo mara pekee niliyosahihishwa mpaka nisibaki na neno.

Kisha wakaingia katika shauri la Mwatime. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na buibui lake la kazini, vumbi la shamba miguuni. Faki alikuwa kitini, mgongo kwetu, hakugeuka hata mara moja.

"Hakuna anayekataa kwamba mwanamke huyu ana shamba," alisema Mwinyi Hatibu. "Tunachokataa ni kwamba mume wake aingie Chini akiwa na kidole kilicho huru. Nani atajua kafungua lango moja au mawili?"

"Mimi nimesimama nyuma yake," alisema Chande.

"Wewe ni wa Chini. Ukiona mawili utasema moja."

"Na wewe ukiona moja utasema mawili."

"Mabwana," alisema Liwali.

Walibishana hivyo, wakapumzika kwa sala, wakarudi, wakabishana tena. Hatimaye Mwinyi Hatibu akaleta sharti, nalo likasifiwa na wote kwa wepesi wake. Kishale kitapelekwa Chini mbele ya macho ya kila mtu. Kikishavuka tu, Mkono utaondoa kidole chake kwenye kipanya, wala usikiguse tena, huku kiapo cha kutopendelea kikisomwa chote. Baada ya kiapo, Mkono utaandika amri moja kwa kibodi: fungua lango la kwanza. Kisha basi.

Faki alisema neno moja, bila kugeuka. "Nikikivusha kishale huwa nabonyeza kipanya mara moja, Mwinyi. Ndiyo desturi."

"Desturi ya nani? Mkataba unasema kishale. Mkataba hausemi kubonyeza. Ubonyeze nini, na kwa faida ya nani?"

Watu wakaguna kwa shaka. Faki akakisukuma kipanya upande wa kushoto, kishale kikaruka, kikaibukia katika kioo cheupe upande wa kulia.

"Mkono uko wapi?"

"Uko kwetu, kwa haki," alisema Chande.

"Tumeona," alisema Mwinyi Hatibu.

Faki akaondoa kidole. Kiapo kikasomwa, nacho ni kirefu, kina mababu wengi ndani yake. Kisha Faki akaandika amri. Mwatime akashusha pumzi pale mlangoni, akaondoka mbio kuelekea shambani.

Nieleze hapa jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa mpaka nilipoelezwa na Faki jioni. Kishale kuvuka si sawa na herufi kuvuka. Kishale kinaweza kuwa kimesimama katika kioo hiki, na kibodi bado inaandikia kioo kile, mpaka mtu abonyeze mara moja upande mpya ili kompyuta ijue kwamba sasa ndiyo inayosemeshwa. Kidogo tu, mbonyezo mmoja. Wazee walioandika mkataba waliona kishale kwa sababu kishale kinaonekana. Herufi zikiwa njiani hazionekani. Basi Pacheni nzima wanalinda kishale kwa mawakili na viapo, na kitendo chenyewe kinapita nyuma yao bila mlinzi.

Kwa hiyo amri iliandikwa katika kompyuta nyeusi. Lango la kwanza lililofunguka lilikuwa la Juu.

Habari ililetwa ukumbini na mzee mmoja wa Juu, kanzu yake imelowa mpaka kifuani. Alikuwa na shamba la vitunguu vilivyokuwa vimekwisha kukauka, tayari kung'olewa.

"Liwali," alisema, "nimekuja kuuliza kama ninalima vitunguu au ninafuga kambale."

Mwatime naye alirudi, akitembea polepole. Alionyesha miguu yake, ambayo ilikuwa na vumbi lile lile.

Nilidhani jambo lingekwisha hapo. Kosa limeonekana, litarekebishwa, mwanamke atapata maji. Nilikuwa bado sijawajua. Liwali aliufungua mkataba mahali pake, akausoma kwa utulivu.

"Mkataba unasema: maji huenda kilipo kishale. Kishale kilikuwa Chini, na pande zote mbili zimeshuhudia. Kwa hiyo maji yamekwenda Chini. Shamba la Mwatime limenyweshwa."

"Shamba langu limekauka," alisema Mwatime.

"Kwa macho, ndiyo. Kisheria, limejaa."

"Na vitunguu vyangu?" aliuliza yule mzee.

"Vitunguu vyako vimeharibika kwa sababu nyingine," alisema Mwinyi Hatibu, "na sababu hiyo itatafutwa."

Mwatime alimtazama Bwana Chande, ambaye ndiye wakili wa upande wake, mtu aliyeapa kusema kwa niaba yake. "Kaka Chande, wewe umepita shambani kwangu asubuhi. Sema ulichokiona."

Chande alijikuna shingo. Nilimhurumia kidogo, kwa sababu niliona kwamba anajua.

"Dada yangu, nifahamu," alisema. "Msimu mzima Chini hatujapata haki hata moja iliyokubaliwa na Juu. Leo Mwinyi Hatibu mwenyewe, kwa kinywa chake, amekiri kwamba maji yametujia. Nikisema hayakuja, nitakuwa nimeirudisha haki yetu kwa mikono yangu."

"Kwa hiyo nikapande mpunga juu ya haki?"

Zamu yake ikaandikwa kuwa imetimia, na kikao kikaahirishwa kwa dua ya shukrani, ambayo mimi sikuitikia.

Jioni ile Faki alikaa barazani akiwa ameilaza mikono yake juu ya mapaja kama vitu alivyoazimwa. "Nilijua," aliniambia. "Nilipoanza kuandika nilijua herufi haziendi Chini. Lakini kidole kilikuwa kimeapishwa."

"Ungesema."

"Nimesema, Maalim. Umenisikia nikisema." Na kweli nilikuwa nimemsikia, nami nilikaa kimya kama wengine, nikidhani wenyeji wanajua mambo yao.

Alfajiri tulipotoka msikitini tulisikia kelele upande wa mashamba. Mwatime alikuwa amechukua jembe, akaupasua ukingo wa mfereji hatua chache kutoka lile lango la chuma. Hakuligusa lango. Alichimba tu udongo, na maji, ambayo hayajasoma mkataba, yakaingia shambani. Tulipofika, nyufa zilikuwa zimeanza kufumba, naye alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, ananyunyizia kitalu kwa kata. Watu wa Chini walikuwa wamejipanga ukingoni wakimtazama, na kwa kuwa Mkono ulikuwa bado haujakaa kitini, wote walikuwa wamekunja mikono vifuani.

Walimleta ukumbini kabla ya saa ya chai. Shtaka lake lilitamkwa na Liwali kwa sauti ya huzuni, na ninaliandika kama nilivyolisikia: kwamba yeye Mwatime bint Omari, mkazi wa Chini, ameonekana akiwa na mkono.

"Ninayo miwili," alisema Mwatime. "Na hapa mlangoni nimewahesabia wengine mingi zaidi, ila wameificha."

"Usifanye mzaha, mama," alisema Mwinyi Hatibu, na safari hii hakuwa na kiburi. Alikuwa na hofu ya kweli. "Kesho atachimba wa Juu, keshokutwa atachimba mwingine wa Chini, na mtondo tutarudi makaburini. Mimi nimezika mdogo wangu katika vita vya maji. Usidhani nacheza hapa."

Nasema kwa uadilifu kwamba maneno yake yalinigusa, na Mwatime mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Pole, Mwinyi," alisema. "Lakini mpunga wangu haukumwua."

Hukumu haikuchukua muda, kwa kuwa mara hiyo mabonde yote mawili yalikuwa na kauli moja. Tawi la mfereji lipitalo shambani kwa Mwatime lifungwe kwa msimu mzima, mpaka ukingo uliotobolewa ukauke na kuzibwa. Amri iandikwe Chini, na iandikwe sasa hivi. Na kwa sababu wamejifunza kutokana na kosa la jana, walimruhusu Faki abonyeze.

Kishale kikavuka. Liwali akauliza, Mkono uko wapi. Chande akajibu, kwa sauti ndogo. Mwinyi Hatibu akasema wameona. Faki akabonyeza. Safari hii kila kitu kilikuwa mahali pake: kishale, herufi, lango, mashahidi. Hapakuwa na upungufu wowote isipokuwa maneno yenyewe ambayo yeye angeyaandika, na ambayo yangeukausha mpunga wa mke wake na chakula cha nyumba yake.

Aliweka vidole juu ya kibodi. Vilikaa pale. Kisha akavitoa, akasukuma kiti nyuma, akasimama. Niliuona uso wake kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi ule.

"Nimechoka, Bwana Liwali," alisema. "Naenda kupanda mpunga."

"Kaa, Faki."

Ilikuwa mara ya kwanza Liwali kumwita kwa jina lake humo ndani, na nadhani hilo ndilo lililomaliza. Faki alikwenda mlangoni, akatafuta viatu vyake katika rundo, akavivaa. Mkewe alikuwa amekwisha kutangulia.

"Amejiuzulu," alisema Chande.

"Hawezi kujiuzulu," alisema Mwinyi Hatibu. "Kujiuzulu kwa Mkono huandikwa katika kompyuta zote mbili."

"Basi tumwuzulu sisi."

"Utaandika kwa mkono wa nani?"

"Tumchague mwingine."

"Uchaguzi nao huandikwa."

Nilibaki nao kwa muda, kwa kuwa nilikuwa mgeni wao na sikutaka kuondoka kama niliyekimbia. Walikizunguka kile kiti wasikikalie. Kompyuta nyeusi, isipoguswa, ilizima kioo chake ikalala; kisha nyeupe nayo ikalala. Mwinyi Hatibu alinyoosha mkono kidogo kuelekea kipanya, pengine apate tu kuiamsha yake. Chande akakohoa. Mwinyi Hatibu akaurudisha mkono wake. Baadaye Chande akasogea naye, na Mwinyi Hatibu akakohoa. Liwali alikuwa ameketi, ameivua kofia yake, anaitazama. Niliaga, wakaniitikia kwa adabu, na mmoja wao akanionyesha mlango ulipo kwa kuelekeza kidole upande usio na mlango.

Nilikwenda shambani. Maji yalikuwa bado yanaingia kwa lile tundu, polepole, bila haraka wala ushindi. Sehemu kubwa ya kitalu ilikuwa imekwisha kufa. Iliyobaki ingetosha pengine robo ya shamba, na robo ya shamba ni chakula cha miezi michache. Walikuwa wameinama wote wawili. Majirani walikuwa bado ukingoni, mikono vifuani, na yule seremala alikuwa miongoni mwao.

"Unaipanda karibu mno," Mwatime alikuwa akimwambia mumewe. "Hiyo miche si herufi. Ipe nafasi."

"Hivi?"

"Hivyo. Na usiitazame kana kwamba itakujibu. Songa."

Aliponiona alijinyoosha, akashika kiuno, akanitazama kutoka kilemba hadi miguuni.

"Maalim, unaondoka?"

"Naondoka, mwanangu. Watu wa kwetu wananingoja niwapelekee habari ya amani."

"Utawaambia nini?"

Hadi ninapoandika haya sijapata jibu lililo timamu. Kwetu kisima bado kinagombaniwa, na kila nikikaa na wazee wenzangu wananihimiza niwaeleze mkataba wa Pacheni ulivyoandikwa. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kuchelewa kuwajibu.

Mwatime aliokota fungu la miche lililokuwa limelala juu ya tuta, akaninyooshea. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka mizizini.

"Safari haitaharibika kwa mstari mmoja," alisema.

Niliwatazama wale waliokuwa ukingoni, nao walinitazama. Kisha nikavua makubadhi yangu, nikapandisha kanzu, nikaingia majini. Mgongo uliniuma tangu mche wa kwanza. Nilipofika katikati ya mstari nilisikia mtu mwingine akiteremka nyuma yangu, akiguna kwa baridi ya maji. Sikugeuka kumtazama ni nani, kwa kuwa Mwatime alikuwa ananiambia kwamba nami napanda karibu mno.